Cha Kushoto

Kilikaa miaka thelathini na minane juu ya kabati
ndani ya mfuko wa saruji,
pamoja na risiti za karo na redio isiyosema.
Kiatu kimoja. Cha kushoto.
Raba ya mbio, bluu iliyochujuka ikawa rangi ya moshi,
mstari mweupe ubavuni umejipinda
kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi,
soli nyembamba, chapati ya mwisho wa mwezi.

Cha kulia kilibaki matopeni
kwenye kona ya pili, upande wa mikorosho,
siku mvua ilipowahi uwanjani kabla ya wakimbiaji.
Baba hakurudi kukiokota.
Alimaliza na mguu mmoja mtupu, akawa wa tatu,
akatuzwa sufuria.
Sufuria tunaipikia hadi leo.

Mimi ni fundi. Kibanda changu cha Maweni
kinanuka gundi hata siku ya Idi.
Nashona kandambili za wageni wa hoteli, mabegi ya shule,
akala za wachungaji wanaoshuka kutoka Lango Baya.
Lakini usiku nachora raba.
Nina daftari zima la raba ambazo hazijakanyaga chini.

Nikamwambia Lali, shika tochi.
Nikakilaza cha kushoto juu ya meza,
nikapitisha wembe kwenye uzi wa kwanza.
Uzi ulikuwa umechoka, ukakatika bila ubishi.
Ulimi. Kisigino. Pua. Mbavu mbili.
Vipande kumi na kimoja, na punje za mchanga mwekundu
usiofanana na wa hapa Maweni.
Mchanga huo niliufunga kwenye karatasi. Sijui kwa nini.

Sasa cha kulia utakitoa wapi?
Nikachora cha kushoto, nikaigeuza karatasi,
nikaiinua mbele ya taa:
cha kulia kikajitokeza upande wa pili,
kimefifia, kama sauti ya jirani ukutani.

Mengine niliyaacha. Soli nikaineemesha,
mpira wa gurudumu la lori chini, sponji katikati.
Bluu nikairudisha ile ya dukani, kabla jua halijaidai.
Mbavu nikazipa kitambaa cha matundu,
maana Malindi ya Februari haina huruma na soksi.
Mstari nikaupinda vilevile, na ukaidi wake.
Lali akasema, "Tia dhahabu kisiginoni, vijana wapende."
Nikamwambia dhahabu haikimbii.

Baba alivaa akiwa amesimama.
Akachezesha vidole ndani, akavisikiliza.
"Cha kushoto kinabana. Hapa, kando ya kidole cha mwisho."
Niliona haya. Nikasema nitakipanua.
"Na kile kilibana hapo hapo," akasema.
"Kila mzunguko. Sikumwambia mtu."
Nami nilikuwa nimepima kwa uaminifu,
nikanakili hata maumivu, milimita kwa milimita.

Akainama, akakivua.
Akabaki na cha kulia, akakitembeza
kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni,
mguu mmoja bluu, mmoja mtupu,
kama siku ile, ila kinyume.

"Niuzie hiki kimoja," akasema. "Cha kushoto ninacho."

Lali akatazama meza. Mimi nikamtazama Lali.
Baba akasogea, akaviona vipande vyake
vimepangwa kwa nambari za wino mwekundu.
Akavihesabu kwa midomo, hakukosea.
Akaifungua karatasi ya mchanga, akanusa,
akaifunga tena.

Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na taa.
"Haya, kishone," akasema.
"Na pale panapobana
usipaguse."